Aya Isiyo na Mwenyewe

Nyundo zilinyamaza zote kwa pamoja. Nilikuwa nimeinama juu ya kitabu, kidole changu kikiwa chini ya mstari niliokwisha kuanza kuusoma, na Adero alikuwa ameweka kidole chake juu ya changu, akikikandamiza kama mtu anayemzuia kuku asiruke.

"Hiyo aya ni yangu," alisema.

"Ni yangu. Anayesema hapa ni yule yule wa juu."

"Wa juu ameshatoka nje. Umesoma mwenyewe kwamba ametoka."

"Ametoka, akarudi."

"Wapi wameandika amerudi? Nionyeshe."

Kitabu kile hakikumsaidia msomaji. Kilikuwa na rafiki wawili katika nyumba moja yenye milango miwili, na wote wawili walijiita mimi. Hawakuwa na majina. Huyu akisema nakupenda, mwenzake alisema nakuchukia, kisha ukurasa ukageuka, na ukiinua macho hukujua tena ni yupi aliyependa na ni yupi aliyechukia. Ilikuwa kama kuwasikia watu wakiongea ng'ambo ya mto wakati wa ukungu.

Na aya iliyokuwa chini ya vidole vyetu ilihusu ukungu. *Nilikuamsha mapema ili uuone kabla haujaondoka,* ilisema, *kwa sababu sikutaka kuwa na kitu kizuri ambacho wewe hukukiona.*

Nani asingetaka kuisoma aya hiyo kwa niaba ya mama yake?

Kilima chetu cha mawe kilikuwa Kerende, karibu na mpaka wa Kenya. Miaka ile dhahabu ilikuwa imewatoa watu makwao, wengine hata lugha zao hatukuzijua, na waliokuwa na nguvu walishuka mashimoni. Wanawake walibaki juu, wakiponda. Jiwe unaliweka ndani ya pete iliyokatwa kwenye mpira wa gurudumu ili vipande visirukie macho, mmoja anashika, mwingine anapiga. Ukitaka kujua wanawake wawili wanaaminianaje, usiwasikilize. Tazama mkono wa anayeshika.

Zamani mama yangu, Regina, alipiga, na Mama Adero, jina lake Felistas, alishika. Mmoja Mkurya, mwingine Mjaluo, na watu walikuwa wakiwatania kwamba wameoana. Felistas alikuwa akishika jiwe huku ametazama pembeni, anasimulia habari za kanisani, na nyundo ya mama inashuka karibu na kucha zake bila kuzigusa. Nilikua nikiamini kwamba huo ndio urafiki: kutotazama nyundo.

Kisha ng'ombe sita wa kina Adero wakaibwa.

Kwetu nyayo hazidanganyi, ndivyo tunavyosema. Watu wakiamka wakakuta zizi limevunjwa hupiga yowe, na wanaume hufuata kwato. Kila kijiji huzipokea nyayo mpakani na kuzisindikiza mpaka zitoke upande wa pili. Zikiishia kwenye boma lako, wewe ndiwe wa kujibu. Nyayo za wale ng'ombe zilikuja moja kwa moja hadi lango letu, na hapo mvua ya asubuhi ikanyesha, ikafuta kila kitu kilichokuwa mbele. Felistas alikuja na wale wanaume. Alisimama langoni, kitenge kimelowa, akauliza swali moja tu.

"Regina, umewaona?"

"Sikuona kitu," mama alisema. "Nilikuwa nimelala."

Wanaume wakapindua ghala letu. Mtama ulimwagika kwenye matope, mama akasimama akiutazama, na tangu siku hiyo aliapa kwamba Felistas ndiye aliyewaleta watu wenye mapanga nyumbani kwake. Naye Felistas akaapa kwamba Regina anajua.

Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi. Nilikuwa macho. Nilizisikia kwato alfajiri ile, na nilimsikia mjomba wangu Simioni akiwabembeleza ng'ombe kwa sauti aliyozoea kunibembelezea mimi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amenipa mgongo, wala hakugeuka mpaka wakapita wote. Mjomba alivuka kwenda Kenya, hatukumwona tena. Mimi na mama hatukuwahi kuzungumza juu ya jambo hilo. Lilikaa kati yetu nyumbani, tukajifunza kulizunguka bila kujigonga.

Adero sikumwambia. Adero, ambaye nilimwambia kila kitu kingine.

Maana tuliendelea kuwa marafiki, yeye na mimi, kwa siri, miaka saba. Shuleni tulikaa dawati moja. Njiani, tukishaliona paa la kwao, tulitengana, mmoja akatangulia. Kwenye kilima cha mawe mama zetu walikaa wamepeana migongo, na sisi tulipitana na ndoo za maji kama watu wasiojuana. Tulikuwa na salamu yetu ya macho: kufumba jicho moja, kisha lingine. Ilitutosha tukiwa watoto. Tulipomaliza kidato cha nne na kubaki nyumbani tukingoja matokeo, haikututosha tena. Nilitaka kumwita jina lake kwa sauti, mchana, mbele za watu. Hicho tu ndicho nilichokitaka mwaka ule. Dhahabu sikuiwaza.

Kitabu kililetwa na shangazi yake wa Migori, upande wa Kenya. Alikikuta Sirari kwa muuza karanga, jalada limeshachanwa, kurasa za mwanzo zimeshafungia karanga za watu, akakinunua chote kilichobaki kwa sababu alijua mpwa wake ni mgonjwa wa kusoma. Tulikisoma kwa zamu nyuma ya ukuta wa shule. Kiswahili changu nilikipata shuleni na kanisani, nilikishika kama mtu aliyepewa panga jipya, na kitabu kile kilinionyesha kwamba nilikuwa nimeshika upande wa makali. Kulikuwa na sentensi nilizozirudia mpaka zikanijia usingizini. Niliota ile nyumba ya milango miwili. Katika ndoto nilikuwa ndani, kisha nikawa nje nikibisha, na aliyenifungulia alikuwa na uso wangu.

"Hawa ni mama zetu," Adero alisema siku moja.

"Mama zetu hawajui hata kusoma."

"Ndiyo maana tutawasomea."

Mpango ulikuwa wake. Mimi ningeanza kusoma upande wetu, eti kuwaburudisha wanawake. Ningeruka mstari kwa makusudi. Yeye angenirekebisha kutoka upande wa pili, kwa hasira, kama adui.

Ulifanya kazi siku ya kwanza.

"Umeruka!" alipaza sauti kutoka ng'ambo ya kilima.

"Huyo naye anakijua hicho kitabu?" aliuliza bibi Waisiko. Alikuwa mkubwa kuliko wote pale, meno mawili mbele, ulimi usiokuwa na lango. "Mleteni hapa basi. Kitabu kimoja, watu wawili, mkipigana tutawaamua kwa nyundo."

Mama alinyanyua macho, akaniangalia mimi, akamwangalia Adero, akarudisha macho kwenye jiwe. Felistas hata hakugeuka. Lakini hakumwita binti yake arudi. Tukakaa katikati ya kilima, bega kwa bega, hadharani, kwa mara ya kwanza tangu utoto. Nilisikia joto la mkono wake, nikasoma ukurasa mzima bila kuelewa neno hata moja.

Palipokuwa pagumu nilipaeleza kwa Kikurya, naye akapaeleza kwa Kijaluo, na wanawake waliponda huku wakisikiliza. Baada ya siku chache ungeweza kukijua kitabu kwa kusikiliza nyundo tu: zilikwenda polepole rafiki hao walipopikiana, zikaenda mbio walipogombana. Saa tisa mgodi mkubwa ulilipua mwamba, ardhi ikatikisika, maneno yakacheza kwenye karatasi, vumbi jeupe likashuka juu yetu sote bila kuuliza kabila. Tulisubiri litulie. Kisha Waisiko alisema, "Endeleeni, tulimwacha jikoni."

Yeye ndiye aliyetutia kwenye mtego, bila kujua.

"Mnanichanganya," alilalamika. "Kila mtu mimi, mimi. Mimi gani? Gaweni. Matiko awe huyu, Adero awe yule, tujue nani wa kumtukana."

Tukagawa. Na mara tulipogawa, kila mwanamke pale alijua, ingawa hakuna aliyesema, kwamba nikisoma mimi anayesema ni Regina, na akisoma Adero anayesema ni Felistas. Niliona mgongo wa mama ukinyooka nilipofungua kinywa. Basi nikaanza kumchagulia. Aya ya huruma ilipotokea niliiwahi. Aya ya kijicho nilimsukumia Adero kwa kiwiko, nikisema hii ni yako, wazi kabisa. Naye alifanya vivyo hivyo. Tulianza kwa kucheka. Siku ya tano hatukuwa tukicheka. Siku ya nane nilikuwa nikilala nikihesabu kichwani: ameshapata aya ngapi nzuri, mimi ngapi. Nilikuwa nimeletwa pale na hamu ya kuliita jina lake, na sasa nikiliita, nililiita kwa ukali.

Ndipo tukafika kwenye ukungu.

"Niachie, Adero."

"Sikuachii. Kila kizuri ni chenu? Aliyeamshwa mapema ni nani, na aliyelala ni nani? Si mama yako alilala? Alilala vizuri sana siku ile, ng'ombe sita wakapita mlangoni, hakuamka."

Hakuyasema kwa sauti kubwa. Hakukuwa na haja; hakuna nyundo iliyokuwa ikipiga.

"Mama yako ndiye aliyeleta watu wakatumwagia mtama," nilisema. "Tulilala njaa mwezi mzima. Hiyo nayo isome."

"Nyayo ndizo zilizowaleta!"

"Nyayo zinapita. Nyayo zote zinapita mahali."

Akanigeukia. Alikuwa na vumbi kwenye kope, akafumba macho na kuyafumbua, na kwa kitambo nilidhani ananipa ile salamu yetu. Kisha akauliza, sauti yake imeshuka, kama tulivyozungumza nyuma ya ukuta wa shule:

"Matiko. Wewe ulisikia kitu?"

Nimelipitia swali lile mara nyingi kuliko aya yoyote niliyowahi kuisoma. Alikuwa amenifungulia mlango. Hakuuliza kama adui. Lakini mbele yangu walikuwa wanawake kumi na kitu, na mama yangu akiwa amenipa mgongo vile vile kama alfajiri ile.

"Sikusikia kitu," nilisema. "Nilikuwa nimelala."

Nikamwona mama akigeuka.

Hakugeuka kumtazama Adero, wala Felistas. Alinitazama mimi. Aliyatambua maneno yake kinywani mwangu, nadhani, kama mtu anavyoitambua nguo yake ikiwa imevaliwa na mtoto wake. Akaweka nyundo chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, mmoja, kisha mwingine, kwa utaratibu uliokuwa ukiniogopesha tangu utotoni.

"Mwachie mwenzako hiyo aya," alisema. "Hiyo si yangu. Za chuki ndizo zangu, nipeni hizo."

Akageukia upande wa pili wa kilima.

"Felistas." Miaka saba jina hilo halikuwa limetoka kinywani mwake. "Niliwaona."

Felistas alikuwa bado amempa mgongo. Niliona mabega yake yakipanda, yakakaa huko juu.

"Alikuwa Simioni," mama aliendelea. "Ningesema, wangemfuata wakamkata njiani. Nikanyamaza. Halafu nikakuchukia wewe, kwa sababu uliniuliza vizuri. Ungenitukana ingekuwa rahisi."

Kule chini barabarani mashine ya kusaga mawe ilikuwa ikinguruma. Hatimaye Felistas akasema, bila kugeuka:

"Walikuwa wote sita?"

"Wote. Yule mweupe alikuwa anachechemea."

"Alikuwa na mimba."

"Niliona."

Felistas akatikisa kichwa polepole, akarudia neno hilo, "Aliona," akiliambia jiwe lililokuwa mbele yake. Kisha akachukua gunia lake, likiwa nusu tupu, akashuka kilima. Adero akasimama amfuate. Kabla ya kwenda alinyoosha mkono. Nilidhani ananinyanyua. Alikichukua kitabu.

Asubuhi iliyofuata mama aliamka mapema, akafika kilimani kabla ya watu. Felistas alichelewa. Alipokuja, alisimama akitafuta mahali, kisha akaja akakaa mbele ya mama, wakitazamana.

"Sogea kidogo," alimwambia, "jua."

Mama akasogea. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya siku nzima. Bibi Waisiko, aliyekuwa amejiandaa kwa vita, alivunjika moyo hata akajipiga kidole. Kesho yake waliongea kidogo zaidi, na kesho kutwa zaidi. Sikumbuki mama akiomba msamaha. Nakumbuka Felistas akimwuliza kama mtama wa mwaka ule ulikuwa mwekundu au mweupe, na mama akifikiri sana kabla ya kujibu, kwani alijua kwamba anaulizwa kitu kingine.

"Nyathina," Felistas alimwita Adero, mwanangu kwa Kijaluo, siku hiyo ya kwanza, "tumalizie kitabu. Ila leo msitugawie."

Adero akasoma peke yake. Alisoma sauti zote mbili kwa sauti moja, bila kumwinua yeyote wala kumshusha, na kitabu kikaeleweka kuliko siku zote tulizokigombania. Mimi nilikuwa nimekaa na mama, nikichekecha unga wa mawe. Siku tatu alisoma. Siku tatu hakuniangalia. Tulikuwa sasa na ruhusa ya kusalimiana mbele ya dunia nzima, na hatukusalimiana.

Alipofika ukurasa wa mwisho aliinua kitabu juu kidogo, kikamfunika uso.

"*Rafiki yangu,*" alisoma, "*sikukuchukia kwa kile ulichokificha. Nilijua siku zote kwamba unacho. Nilichoka tu kungoja unipe.*"

Nyundo zilikuwa zimenyamaza. Akafunga kitabu.

"Ndiyo mwisho?" aliuliza Waisiko.

"Ndiyo mwisho."

"Na mwenzake akajibu nini?"

Adero alikikumbatia kitabu kifuani. "Hakujibu," alisema.

Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Nakumbuka nilivyojivunia kutolia. Nilijiambia kwamba mwandishi ameandika mwisho mzuri, mkali, wenye kuuma mahali panapostahili, na nikaendelea kuchekecha. Wiki hiyo hiyo Adero alivuka kwenda Migori kwa shangazi yake, akapata kazi dukani, baadaye akaolewa huko huko. Kitabu alikwenda nacho. Mama zetu ndio waliokuwa wakipeana habari zetu.

Mimi nilikwenda chuo. Nikiwa mwaka wa pili wa diploma, mchana mmoja wa joto nilikuwa maktabani nikitafuta kitu kingine kabisa, nikavuta kitabu kinene chenye jalada la kijani, nikakifungua katikati kama mtu anayefungua dirisha. *Nilikuamsha mapema ili uuone kabla haujaondoka.* Nilikaa sakafuni, kati ya rafu mbili, nikasoma tena ile nyumba na milango yake, na ukungu ukanijia pale pale, na ubaridi wake.

Kisha nikaenda kwenye ukurasa wa mwisho.

Rafiki mmoja anamsuka mwenzake. Mwenzake amelala, au huenda amekufa, mwandishi hasemi. Kichwa kinazidi kuwa kizito mapajani, na mikono inaendelea, mstari baada ya mstari, mpaka nywele zinakwisha. Hakuna anayesema neno. Hakuna *rafiki yangu*. Nilirudi nyuma ukurasa mmoja, kisha miwili, kisha sura nzima. Nikafuata kwa kidole kila mstari, kwa siku nne, nikikosa vipindi, kama watu wanaofuata kwato. Maneno yale hayakuwemo. Hayakuwa ya mwandishi; yalikuwa ya Adero.

Siku ya nne jioni, kabla ya kufunga, mkutubi alisimama mwisho wa rafu, funguo mkononi.

"Dada, unakiazima hicho au nikirudishe?"

Nikamwambia bado nasoma.